Samoni wa Mto na Samoni wa Birika

Liko neno moja ambalo wenye nguvu hulipenda sana wanapotaka kuharibu kitu bila kulaumiwa, nalo ni neno badala. Msitu hukatwa, na watu wakaahidiwa miche badala yake. Mto huzibwa, na samaki wake wakaahidiwa birika. Mwenye kuahidi hasemi uongo wa waziwazi. Miche huletwa kweli, na birika hujengwa kweli, tena kwa saruji nzuri. Lakini kilichoondoka hakirudi, na kwa kuwa pengo limekwisha zibwa kwa maneno, hapana aulizaye tena.

Nataka kulishitaki neno hilo mbele ya msomaji, na shahidi wangu ni samaki aitwaye samoni. Nimemchagua yeye kwa sababu ahadi ya birika imejaribiwa juu yake kwa muda wa zaidi ya miaka 150, katika nchi tajiri yenye wataalamu wengi na fedha nyingi. Kama jaribio halikufaulu huko, haliwezi kusemwa kwamba lilikosa akili au mali.

Mkenya aliyepata kumwona samoni, yamkini alimwona ndani ya mkebe. Jamaa yake wa karibu, trauti, aliletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika mito ya nyanda zetu za juu tangu mwaka 1905, lakini samoni mwenyewe ni mwana wa kaskazini. Iko aina moja katika bahari ya Atlantiki na aina kadhaa katika bahari ya Pasifiki. Maisha yake ni ya ajabu. Mama huchimba shimo kwa mkia wake katika changarawe ya kijito chenye maji baridi na safi, hutaga mayai humo, na dume akiisha kuyatia mbegu, huyafunika kwa changarawe ile ile. Watoto wakianguliwa, wengine hukaa kijitoni miezi michache, wengine mwaka mmoja au zaidi, kisha maji ya theluji inayoyeyuka huwateremsha hata baharini. Huko huzurura miaka, hula na kunenepa. Wakati wao ukifika huiacha bahari, huupanda mto ule ule walioushuka, huacha mkono huu wa mto na kuufuata ule, mpaka wakafika katika kijito walichozaliwa. Mwaka 1951 Arthur Hasler na Warren Wisby, wa chuo kikuu cha Wisconsin, walitoa hoja kwamba samoni huijua njia ya kwao kwa harufu ya maji aliyoizoea utotoni, na majaribio yaliyofuata yakaitia hoja hiyo nguvu.

Tangu aingiapo katika maji matamu, samoni huwa hali tena. Husafiri kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, hupigana na maporomoko, huzaa, na samoni wa Pasifiki akiisha kuzaa hufa. Hata kufa kwake si hasara. Mizoga huliwa na dubu na tai, huliwa na wadudu ambao nao huliwa na watoto wa samoni, na mabaki yaliyotupwa msituni hurutubisha ardhi. Wataalamu wameikuta naitrojeni ya baharini ndani ya miti ya kando ya mito hiyo. Kila kijito, basi, kina ukoo wake wa samoni, uliofinyangwa na baridi ya kijito kile, urefu wa safari yake na majira ya maji yake, kwa maelfu ya miaka. Ukoo wa kijito cha karibu na pwani hauwezi kupanda mlima wa mbali, wala ukoo wa mlimani haurudi mwezi ule ule kama ule wa pwani. Mto ni nusu ya samaki huyu. Asiyeielewa habari hii hawezi kuelewa kwa nini birika limeshindwa.

Katika Marekani ya magharibi uko mto mkubwa uitwao Columbia. Yakadiriwa kwamba zamani samoni waliorudi humo na jamaa zao walikuwa kati ya milioni 10 na milioni 16 kila mwaka. Makabila ya wenyeji yaliishi kwa samaki hao, yakawavua na kuwakausha na kufanya biashara nao, na mto haukupungukiwa. Mwaka 1855 makabila ya Yakama, Umatilla, Nez Perce na Warm Springs yalitia sahihi mikataba na serikali ya Marekani. Walitoa sehemu kubwa ya ardhi yao, lakini walijiwekea haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Walijua walichokuwa wakikishika.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1866, kikajengwa kiwanda cha kwanza cha kutia samoni mikebeni kando ya mto huo. Viwanda vikaongezeka upesi, na mwaka 1883 zilitiwa mikebeni ratili zipatazo milioni 43. Wavu ulikuwa adui wa kwanza, nasi tusidhani kwamba kisa hiki ni cha mbali. Katika Ziwa Viktoria yuko samaki aitwaye ningu. Kwa nasaba si jamaa ya samoni, lakini kwa tabia ni ndugu yake, maana mvua ikinyesha huliacha ziwa na kuipanda mito kama Nzoia ili akazae. Nyavu za kigeni zilizoingia ziwani tangu mwaka 1905 zilikuja kutandazwa hata milangoni mwa mito, zikawanasa wazazi wakiwa safarini na matumbo yamejaa mayai. Kufika miaka ya 1960 uvuvi wa ningu uliokuwa na sifa kubwa ulikuwa umekwisha anguka. Samaki apandaye mto hukusanyika mahali pembamba, na mwenye tamaa hana haja ya kumtafuta. Humngoja tu mlangoni.

Watu wa Columbia walipoanza kuogopa kwamba samoni watakwisha, waliandika kuomba shauri kwa Spencer Baird, mkuu wa tume ya samaki ya Marekani. Jibu lake la mwaka 1875 ndilo asili ya maneno haya yote. Baird alikuwa mtaalamu hodari, naye alizitaja sababu za kweli: uvuvi uliopita kiasi, mabwawa, na kuharibiwa kwa mito. Kisha akashauri kwamba sheria za kuzuia mambo hayo zisihangaikiwe. Dola elfu 15 au 20, alisema, zikitumiwa kuangulia mayai kwa mikono ya watu, zitaleta samoni wengi hata pasiwe na haja ya sheria ya kuwalinda. Tazama jinsi ugonjwa ulivyotambuliwa sawasawa, na dawa ikachaguliwa kwa kuwa haimkatazi mtu yeyote kitu chochote! Mvuvi hakuambiwa apunguze, wala mwenye kiwanda hakuambiwa angoje. Wote waliambiwa watende kama walivyopenda, na birika litalipa.

Kituo cha kwanza cha kuangulia samoni upande wa Pasifiki kilikuwa kimekwisha anzishwa na Livingston Stone mwaka 1872 kando ya mto McCloud, katika jimbo la California, kwenye nchi ya Wawintu. Mayai yalitolewa matumboni mwa samoni wa mto huo yakapelekwa sehemu nyingi za Marekani na ng'ambo. Leo mahali pale pamefunikwa na maji ya bwawa la Shasta, ambalo ukuta wake ulimalizika mwaka 1945, na samoni wa McCloud hawawezi kuupita. Kwa hiyo hata chimbuko la ahadi lilizamishwa na kile kitu ambacho ahadi ilikuwa imekiruhusu.

Kisa cha mto Elwha, katika jimbo la Washington, ni kifupi tena kiko wazi zaidi. Sheria ya jimbo, tangu mwaka 1890, ilitaka kila bwawa lipewe njia ya kupitia samaki. Mwenye kujenga bwawa la Elwha, lililomalizika mwaka 1913, hakuijenga njia hiyo. Mkuu wa samaki wa jimbo hakumlazimisha kuitii sheria. Alimkubalia kituo cha kuangulia samaki badala ya njia, na mwaka 1915 sheria yenyewe ikageuzwa ili ibadilishane hiyo iwe halali. Kituo kilifungwa mwaka 1922. Bwawa halikufungwa, lilibaki miaka 100.

Lakini yote hayo yalikuwa madogo mbele ya Grand Coulee. Ukuta huo wa mita 168, ulioanza kujengwa mwaka 1933 na kumalizika mwaka 1942, uliukata mto Columbia bila ngazi ya samaki. Sehemu yote ya juu, pamoja na mito ya upande wa Kanada, ikawa haina samoni tena. Mwezi wa Juni mwaka 1940 maelfu ya wenyeji walikusanyika Kettle Falls, mahali walipovua babu zao, wakakaa siku 3 kuyaaga maporomoko kabla ya maji kuyafunika. Historia huuita mkutano huo Ibada ya Machozi. Na badala ikatolewa: kituo cha kuangulia samaki karibu na Leavenworth, mbali na hapo. Kisha tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa saa chache tu maporomoko ya Celilo, ambako watu walikuwa wakivua kwa maelfu ya miaka, yakanyamaza. Mkataba wa 1855 haukufutwa hata herufi moja. Uliachwa kama ulivyo, ukikisema kwa heshima kituo cha uvuvi kilichokuwa chini ya maji.

Mpinzani wangu hapa husimama na kusema: "Bila umeme huo na maji hayo, mashamba yangekauka na viwanda visingejengwa. Je, wataka watu wakae gizani kwa ajili ya samaki?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Sisi wenyewe twawasha taa kwa maji ya mto Tana, na sitaki kuandika kama mtu asiyejua faida ya taa. Bwawa la Grand Coulee limemwagilia nchi kubwa iliyokuwa kame, na limetoa nguvu nyingi mno. Tena si kila bwawa lina thamani sawa. Yako yatoayo umeme mwingi, na yako ambayo umeme wake ni haba na gharama ya kuyatengeneza hushinda faida. Ugomvi wangu ni na yule aliyeficha bei. Kama watu wangeambiwa tangu mwanzo, "Tutapata umeme, nanyi mtapoteza samoni milele," wangeweza kupima na kuchagua. Hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa watapata vyote viwili.

Hesabu imekwisha fanywa. Mwaka 2023 wataalamu wawili, William Jaeger na Mark Scheuerell, walichapisha uchunguzi wao juu ya bonde la Columbia. Zaidi ya dola bilioni 9 za fedha ya umma, kwa thamani ya leo, zilitumika kwa muda wa miaka 40 katika kuwarudisha samoni na jamaa zao. Waliona kwamba samaki waliotoka vituoni waliongezeka, lakini hawakuona dalili yoyote kwamba samoni wa asili wameongezeka. Naye Hitoshi Araki na wenzake, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 juu ya steelhead, jamaa ya samoni, wa mto Hood katika jimbo la Oregon, walikuta kwamba uwezo wa kuzaa mtoni hupungua kwa kadiri ya asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kizuizini.

Sababu yake si siri. Birikani mtoto wa samoni hurushiwa chakula kutoka juu, kwa hiyo hujifunza kukimbilia uso wa maji, mahali ambapo mtoni angekutana na mdomo wa ndege. Hapana mafuriko, hapana jiwe la kujifichia, hapana njaa. Anayestawi humo ni yule afaaye kwa birika, naye ndiye atakayezaa wa mwaka ujao. Mlezi wake humpenda, humlisha na kumtibu, na kwa upendo huo humfanya mgeni katika mto wa babu zake. Haya yafanywayo na watu waangalifu ni zaidi ya dhihaka: tangu miaka ya 1970 watoto wa samoni wa mto Snake, mkono mkubwa wa Columbia, wamekuwa wakikusanywa juu ya mabwawa, wakapakiwa katika tishali na malori, na kusafirishwa kwenda chini kuelekea baharini. Samaki amepakiwa chomboni avushwe maji!

Katika milima ya jimbo la Idaho liko ziwa liitwalo Redfish Lake, yaani ziwa la samaki wekundu, kwa sababu samoni wekundu walikuwa wengi humo. Ili kulifikia yampasa samaki asafiri kilomita zipatazo 1,450 toka baharini, apande hata karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na avuke kuta 8: 4 katika Columbia na 4 katika Snake, ambazo za Snake zilijengwa kati ya miaka ya 1950 na mwaka 1975. Mwaka 1990 hakurudi hata mmoja. Mwaka 1992 alirudi mmoja tu, dume, na watu wakamwita Larry Mpweke. Kati ya mwaka 1991 na 1998 jumla ya waliorudi kutoka baharini ilikuwa 16.

Hapa haki yataka niseme kwamba birika liliokoa. Samoni hao wachache walishikwa na kuzalishwa vituoni, na bila kazi hiyo ukoo wa Redfish Lake ungekwisha kabisa. Hiyo ndiyo kazi halali ya kituo, kama hospitali ilivyo na kazi yake. Lakini mgonjwa hulazwa hospitali ili arudi nyumbani. Na kama nyumba yake imebomolewa wakati alipokuwa kitandani, daktari hana la kujisifia. Zaidi ya miaka 30 imepita, na mgonjwa huyu angali kitandani.

Mto wenyewe, ukiachiwa, hufanya nini? Ushahidi upo sasa. Kuta za Elwha zilianza kubomolewa mwaka 2011, na mwaka 2014 kazi ikaisha. Samoni wakapanda tena mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa miaka 100. Katika mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, si chini ya samaki 34,000 walikufa mwezi wa Septemba mwaka 2002, maji yalipokuwa machache na ya moto na maradhi yakawaingia. Wayurok, Wakaruk na majirani zao hawakunyamaza tangu siku hiyo. Waliwafuata wenye mabwawa mahakamani, barazani na hata katika mikutano ya wenye hisa, mpaka kuta 4 zikabomolewa, ya kwanza mwaka 2023 na 3 zilizobaki mwaka 2024. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, wiki chache tu baada ya kazi kumalizika, samoni wakubwa waitwao wafalme walionekana katika kijito cha Oregon kilichoko juu ya mahali pa kuta zote 4. Hapana aliyewabeba. Walikuwa hawajaonekana huko tangu mwaka 1912.

Na kama mtu asema kwamba mto mzima hauwezi tena kutoa samaki wengi katika zama hizi, na atazame Ghuba ya Bristol, katika Alaska. Mito yake haina mabwawa makubwa, wala samoni wake wekundu hawategemei vituo. Mwaka 2022 walirudi wapatao milioni 79. Huko nako kulikuwa na watu waliotaka kuchimba shaba na dhahabu kwenye vyanzo vya mito, na ilihitajiwa vita ya miaka mingi kabla serikali ya Marekani haijawazuia mwezi wa Januari mwaka 2023.

Sisemi kwamba ukuta ndio adui peke yake. Katika mto Yukon, ulioko kaskazini zaidi na ulio karibu huru, samoni wafalme wamepungua hata Alaska na Kanada zikapatana mwaka 2024 kuacha kuwavua kwa miaka 7. Maji yanayozidi joto, mtoni na baharini, yamo katika sababu zake. Lakini hilo laongeza nguvu ya hoja yangu: samaki anayesumbuliwa na joto ahitaji vijito vingi vya baridi vya kukimbilia, na vijito hivyo mara nyingi viko juu ya ukuta.

Wauzaji nao wana badala yao, samoni wa kufugwa katika vizimba vya nyavu baharini. Nchi ya Norwe huuza ng'ambo zaidi ya tani milioni 1 za samaki huyo kwa mwaka, na mnunuzi akiona meza ya duka imejaa, huamini kwamba samoni ni wengi. Chawa wa samaki wazaanao katika vizimba huwashika watoto wa samoni wa mwitu wapitao karibu, na waliotoroka vizimbani huenda kuchanganya damu yao na koo za mitoni. Katika kiangazi cha mwaka 2024 nchi hiyo hiyo ililazimika kufunga mito 33 isivuliwe, kwa kuwa samoni waliorudi walikuwa wachache mno.

Sasa shauri kubwa lililobaki ni la kuta 4 za mto Snake. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 serikali ya Marekani ilipatana na makabila yale manne ya mikataba ya 1855, pamoja na majimbo ya Oregon na Washington, kwamba itatoa fedha za kuwarudisha samoni na kuanza kutafuta umeme mwingine, ili siku moja kuta hizo ziweze kuvunjwa. Mwezi wa Juni mwaka 2025 serikali iliyofuata iliyatangua mapatano hayo kwa amri ya rais. Makabila yamerudi mahakamani. Mabirika yanaendelea kulishwa, na samoni mwekundu aendaye Redfish Lake bado ana kuta 8 za kuvuka.